Sungura Wenye Upara

12 Februari

Kaka,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo mwenyewe anasema hayaumwi, yamemtangulia tu kuzeeka. Aliiona ile picha yako akaniambia nikuulize kama unakula, maana shati limekupwaya. Nikamwambia, Mama, hilo shati halijapwaya, limesukumwa mbele na tumbo. Basi anakusalimu wewe na tumbo lako. Wifi mwambie gauni alilonishonea nimelivaa mpaka majirani wanaliamkia kabla yangu.

Sasa sikia. Kikundi chetu cha akina mama kimenipa uenyekiti. Usiulize nilifanya nini: nilichelewa mkutanoni, wakamchagua asiyekuwepo kujitetea. Tumeamua kufuga sungura. Majike na dume wamewekwa uani kwangu kwenye vibanda tulivyojenga wenyewe, na wakizaa kila mwanachama atapata wa kwake. Kwa hiyo asubuhi nikiamka sisemi nalisha sungura wangu, nalisha sungura wa watu.

Nyuma ya ua kuna mti uliojiotea, majani yake laini kama unyoya wa kuku, na una maganda bapa yanayoning'inia kwa vishada. Sungura wakiliona tawi lake wanapanda waya. Jirani yangu Mkunga, yule aliyestaafu kuzalisha ila hajastaafu kuuliza maswali, akataka kujua kama majani hayo ni salama. Nikamwambia nitamuuliza kaka yangu, daktari wa mimea. Usicheke. Neno lilinitoka tu, wote wakanyamaza kwa heshima, nami nikaona aibu kulirudisha.

Nimekuwekea tawi humu, nimelikandamiza chini ya godoro kama ulivyonifundisha. Ndiyo sababu ya barua: tawi halipiti kwenye simu, na picha niliyoipiga ilionyesha kidole changu.

Mdogo wako.


3 Machi

Mdogo wangu mwenyekiti,

Marahaba. Mwambie Mama nakula, na kwamba kusema kweli hilo ndilo jambo ninalolifanya kwa bidii kuliko yote. Wifi yako hajambo. Cherehani yake ilikohoa wiki nzima, akasema mimi ndiye niliyeigusa. Sikuigusa. Nilikaa karibu nayo tu, na vitu vingine huharibika kwa kukaliwa karibu.

Kuhusu daktari, nimecheka mpaka wifi yako akaja kuangalia kama nimepaliwa. Wewe si unajua kazi yangu. Wenye shahada huenda porini, hurudi na majani. Mimi nayakausha kati ya magazeti, nayabandika kwenye kadi kwa gundi, vijiti vikaidi navifunga kwa uzi, kisha nayaingiza kabatini. Ni fundi cherehani kama wifi yako, ila wateja wangu hawalalamiki. Hata hivyo neno likishatoka limetoka. Liache hapo lilipo. Nitalivaa kama suti ya kuazima, bora mwenye suti asinione.

Tawi limefika salama. Godoro lako ningeliajiri. Humu ndani tuna sheria moja: bila ua wala ganda, usitaje jina, kwa sababu majani hudanganya. Wewe umenitumia ganda, kwa hiyo umenipa ushahidi. Huo ni mti wa lusina, na ni wa jamii ya mikunde.

Hapo nivumilie kidogo, maana makabati ya jamii hiyo ndiyo yaliyonitia mvi. Kunde, maharage, mbaazi, choroko, karanga, mkwaju, migunga yenye miiba, hata kile kifauwongo kinachofumba majani ukikigusa: wote ni ndugu. Ukiwatazama usoni utaapa hawajuani. Wengine wana ua kama la kunde: petali moja kubwa imesimama nyuma kama bendera, mbili za pembeni kama mabawa, mbili za chini zimeungana kama mtumbwi. Vunja huo mtumbwi utaona nyuzi kumi za chavua, tisa zimeshikana na mmoja umejitenga, kama mimi siku za kugawana kazi nyumbani. Wengine, kama mkwaju, wameachia petali zao wazi, hawana mtumbwi wala siri. Na wengine, kama lusina wako, hawana ua la kuonyesha mtu, wana kitufe cha pamba. Lakini subiri wazae. Wengi wao wana ganda moja la pande mbili, mbegu zimepangwa ndani upande mmoja. Hapo ndipo unawashika. Na mizizini wengi wana vinundu vinavyorutubisha udongo, kwa hiyo hata jirani aliyepandwa pembeni hufaidika.

Lusina hasa ni malisho ya kifahari. Mbuzi na ng'ombe wananenepa kwayo. Wape hao sungura wako bila wasiwasi. Mla majani ni mla majani.

Kaka yako, daktari wa kuazima.


29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama amepata fimbo mpya, na tangu aipate anaitumia zaidi kutuelekeza kuliko kutembelea. Baba watoto anakusalimu, anasema ile barua yako ilimfanya aangalie sahani ya maharage kwa adabu.

Barua niliisoma mkutanoni. Yote, isipokuwa pale ulipoanza kujishusha, hapo niliruka. Kaka, ungewaona. Watu wazima tukaenda bustanini kwa Mkunga tukavamia maua ya kunde. Mkunga akapasua ule mtumbwi kwa ukucha, akavaa miwani, akahesabu, akasema ni kweli, tisa na mmoja. Tangu siku hiyo hapiti mtu njiani na ua bila kuulizwa lina bendera au halina. Wananiambia, mwenyekiti, kumbe mna msomi nyumbani mnatuficha.

Sungura sasa hawataki kitu kingine. Wanachama wanaleta lusina kwa mafungu, kila mtu anataka mkono wake uonekane. Jike mmoja amepungua manyoya kidogo nyuma ya masikio. Nadhani wanapigana.

Niandikie zaidi. Mkunga anauliza karanga inaingiaje jamii ya mikunde wakati ganda lake liko chini ya udongo.

Mdogo wako.


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Wifi yako alipata homa ikapita. Mimi nilipata uvivu, haujapita. Pia tulikuwa na shughuli kubwa kazini, ngoja nikueleze.

Kwanza karanga. Mwambie Mkunga karanga ina ua la bendera kama kunde, tena zuri la njano, juu ya ardhi kama watu wengine. Likishachavuliwa, chini ya ua hutoka kikonyo kama kidole, kikainama, kikachimba, na ganda likakua huko gizani. Ukiacha njugu mawe, nadhani ni mmea pekee ninaoujua unaozaa kisha ukaenda kuficha.

Sasa shughuli. Zamani ile jamii ya mikunde wengine waliihesabu kuwa jamii tatu, kwa zile sura tatu za maua, na sisi makabati yetu yalipangwa hivyo. Siku hizi wataalamu wamekubaliana ni jamii moja yenye matawi sita, na wale wa vitufe vya pamba, akina mgunga na lusina, hawana tena tawi lao peke yao, wamehamishiwa kwa wale waliokuwa ndugu wa karibu wa mkwaju. Kwa hiyo nimeshinda wiki nabeba kadi kutoka kabati hili kwenda lile, nikiwaunganisha watu waliotengwa. Mgongo unauma, lakini kuna raha yake. Unabeba mmea uliokaa peke yake miaka yote, unauweka karibu na nduguye, hakuna anayeshangaa isipokuwa wewe.

Mkuu wetu, ambaye ni daktari wa kweli, alikuja kunywa chai na sisi wabebaji, tukaongea habari za malisho na mambo mengine.

Ukipata nafasi, si lazima sungura wale lusina kila siku. Wanyama hupenda kubadilishiwa. Majani mengine pia yana ladha yake. Hayo ni mawazo tu.

Msalimie Mama, na fimbo.

Kaka yako.


6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima.

Ile habari ya kubadilisha chakula nilijaribu. Niliwapa majani mengine, wakayakanyaga. Nikasema kama ni ladha tu, basi waache wale wanachopenda, daktari mwenyewe kasema ni mawazo. Nikawaongezea lusina.

Sungura wana upara. Sisemi manyoya yamepungua. Nasema ukimshika unashika ngozi. Masikio, mgongo, mapaja, kila mahali. Wamekaa kibandani kama wazee waliovuliwa nguo hospitali, wananiangalia. Dume anapanda, majike hawashiki mimba. Mmoja tu alizaa. Unajua watoto wa sungura huzaliwa uchi, na mama yao hung'oa manyoya ya tumboni kwake kuwatandikia. Huyu alijaribu kung'oa. Hakuwa na cha kung'oa. Asubuhi niliwakuta wamepoa wote.

Niliwafukia mwenyewe kabla wanachama hawajaja, na hilo nalo likawa kosa, maana wakauliza kwa nini nilikuwa na haraka. Mmoja amesema nawamwagia maji ya moto. Mwingine amesema nawanyonyoa ili nijaze mito, na jana alipokuja alikalia kiti changu akabonyeza mto kwanza. Tulicheka wote. Alipoondoka nililia.

Najitetea kwa jambo moja tu: daktari alisema. Mkunga akanijibu kwa upole kwamba hata yeye kazini alikutana na madaktari wengi, na kwamba daktari husema jambo baada ya kuuliza mgonjwa ni nani. Wanataka kuninyang'anya sungura na uenyekiti siku moja.

Kaka, simu yako inaita, hupokei. Nimejua kwa nini. Sauti yako tangu utotoni haijui uongo, ila mkono wako naona umejifunza. Soma tena barua yako ya Aprili. Mtu hatoki kwenye makabati akaingia kwenye chai, akaruka kwenye mambo ya ladha, bila kitu kumkimbiza.

Ulijua au hukujua? Nijibu bila bendera wala mabawa.

Mdogo wako.


15 Juni

Mdogo wangu,

Usiwape tena lusina hata jani. Ulipopokea ujumbe wangu wa simu uliona maneno hayo tu, haya ndiyo yaliyobaki.

Nilipokuandikia Machi sikujua. Nilijua mmea, sikujua sungura. Kwenye kadi zetu lusina imeandikwa ni malisho bora, na mimi sikuuliza ni malisho ya nani. Nilipoandika Aprili nilijua.

Ilikuwa kwenye chai ile. Nilimwambia Mkuu, kwa kujigamba kidogo, kwamba dada yangu analisha sungura lusina kwa ushauri wangu. Akaweka kikombe chini. Akasema mti huo una sumu yake, majani machanga hasa. Mbuzi na ng'ombe wengi wana vijidudu tumboni vya kuivunja, tena si wote. Sungura hana tumbo la namna hiyo, kwa hiyo manyoya humtoka na kizazi hulegea. Akaniuliza, "Umeshamwambia?" Nikasema ndiyo.

Jioni hiyo nilikaa kukuandikia. Nilianza na karanga kwa sababu karanga ni rahisi. Nikahamia makabati. Kila nilipokaribia sungura nilimwona Mkunga na miwani yake anahesabu nyuzi kwa sababu mimi nimesema, na ninyi wote mnatoka bustanini mnaniita msomi. Mdogo wangu, hakuna mtu aliyewahi kunisomea barua mbele za watu. Nilitaka niwe yule mtu kwa wiki moja zaidi. Nikaandika habari ya ladha.

Mkuu anasema ukiacha leo manyoya yatarudi, na majike huenda wakashika tena. Waliokufa hawarudi. Sina sababu nyingine ya kukupa, na hiyo niliyokupa ninaiona ilivyo ndogo.

Kaka yako.


2 Agosti

Mdogo wangu,

Sijapata jibu, na sidai. Naandika kukujulisha kuwa tupo. Wifi yako amesoma barua zote, zako na zangu, kisha akashona mpaka usiku bila kuniuliza chai nataka au sitaki. Siku ya tatu akasema maneno mawili: "Nenda kwao." Nikamwambia nitaenda ukiniita. Akasema ndiyo kawaida yangu, husubiri kuitwa mahali ninapodaiwa.

Nilimpigia Mama. Akaniambia uko vibandani, kisha akaniambia uko sokoni, kisha akachoka kudanganya, akasema uko hapo hapo kando yake. Nilikusikia ukikohoa. Ni sauti nzuri, usidhani nalalamika.

Kazini nimeendelea kubandika. Mkuu aliniuliza sungura wa dada yangu wanaendeleaje, nikamwambia ukweli, pamoja na ule uongo niliomwambia kwenye chai. Hakunigombeza. Alinyanyua kadi niliyokuwa naibandika, akaiangalia, akairudisha mezani, akatoka. Heri angenigombeza.

Kaka yako.


20 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Manyoya yanarudi, laini kama ya watoto. Hayajanirudishia watu. Sungura wako kwangu bado kwa sababu hakuna mwenye kibanda kingine. Wameniambia Jumamosi ya kwanza ya Septemba wataamua, na wanataka huyo daktari aje aseme mwenyewe, si kwa barua. Barua nimeshawasomea za kutosha.

Njoo. Usilete mimea. Mama anasema ukija kwa aibu njoo nayo tu, nyumba ina nafasi.

Mdogo wako.


10 Septemba

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Asante kwa chumba, kwa maji ya moto, na kwa kutoniuliza kitu tukiwa wawili. Mama nilimwacha na nguvu kuliko zangu.

Kwa simu juzi nilikwambia ukamzuie Mkunga asichemshe lile tawi la kikohozi, ukaniambia umeshalichukua kwake na kulitupa. Sababu hukuniuliza, nami sikusema. Naisema sasa, na utavumilia nikirudia mambo uliyoyaona, maana nataka uyaone kutoka pale nilipokuwa nimekaa.

Nilikuja nimejiandaa. Nilisimama katikati ya viti vyenu nikasema kosa la sungura ni langu, si la mwenyekiti. Nikasema nilisema bila kuuliza, na nilipojua nilinyamaza, na watoto wa sungura walikufa katikati ya kunyamaza kwangu. Yule mama wa mito alinisukumia kiti kwa mguu. Nilitegemea mnifukuze. Badala yake Mkunga akainuka, akanishika mikono yote miwili, akasema mbele ya wote, "Daktari anayekubali kosa lake ndiye daktari." Wakapiga makofi. Wewe ulikuwa unaangalia chini. Mimi niliinamisha kichwa, kama mtu anayepokea.

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Nilikuwa nimekuja kukiri, na nilikuwa nimekiri nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonipandisha cheo. Uenyekiti wako ukabaki palepale, sungura wakabaki, kila mtu akafurahi. Nikajiambia, ya nini kuharibu.

Kisha wakaanza kuleta matawi. Uliwaona walivyojipanga, huyu na jani la uzio, huyu na mzizi wa mama mkwe. Niliwatajia. Mengine nilikuwa nayajua kweli, ni kweli naijua kazi yangu kidogo. Mengine sikuyajua. La Mkunga lilikuwa jani tupu, halina ua, halina ganda, ningeweza kulilinganisha na nusu ya kabati. Nililitaja jina bila kupepesa jicho, nikamwambia achemshe anywe kifua kitafunguka. Yule yule aliyenishika mikono. Nikala chakula chenu, nikalala, nikaamka, nikapanda gari, na njiani nikaanza kutoka jasho kama mgonjwa. Miezi ile yote nilidhani nimejifunza jambo kwa sungura.

Mdogo wangu, najua unachofikiri, na umeniachia nikiseme mwenyewe. Karatasi ya pili ni ya kikundi. Isome mbele yao, yote. Safari hii usiruke mahali.

Kaka yako.

    Kwa akina mama wa kikundi,

    Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine. Mliniita daktari, nami nikaitika. Mimi si daktari wa kitu chochote. Kazi yangu ni kubandika mimea mikavu kwenye kadi na kuipanga kabatini. Majina ninayoyajua nimeyajua kwa kuyasoma mara nyingi nikisubiri gundi ikauke, na habari za kunde na karanga nilizowaandikia ni za kweli, mnaweza kuzihakiki bustanini kama mlivyofanya.

    Siku niliyokuja mlinipa matawi. Yale yote niliyoyataja, tafadhali msiyatumie kwa dawa wala chakula cha mtu au mnyama kwa sababu mimi nimesema. La Mkunga sikulijua kabisa. Mama, nililitaja kwa sababu uliniangalia kama mtu anayejua, na sikuweza kuyaacha macho hayo yaondoke. Naomba radhi kwako kwanza.

    Mkitaka kujua mmea, nitumieni ua lake na ganda lake. Nitampelekea Mkuu wetu, ambaye ni daktari kweli, na jibu nitaliandika kama atakavyolitamka. Kama hajui nitaandika kuwa hajui.

    Mbandika majani, kaka wa mwenyekiti wenu.


28 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Amesema ulipoondoka ulisahau kula yai, na kwamba mtu akisahau yai ana jambo. Baba watoto hajambo. Jike mmoja ana mimba, Mkunga amempapasa tumbo akathibitisha, na kwa hilo namwamini.

Nimesoma karatasi yako leo mkutanoni. Nilikuwa nimekusudia kuruka mistari miwili mitatu, si inayokuhusu wewe, ile inayomhusu Mkunga, nikaona itamuumiza. Sikuruka. Nilipofika hapo alivua miwani akaikunja. Yule mama wa mito akasema kumbe na ule mzizi wa mama mkwe wangu, kisha akaanza kucheka, akaona yuko peke yake, akaacha.

Nilijua wanachokitafuta. Halafu Mkunga akauliza, bila ukali, kama anavyouliza mjamzito miezi yake, "Mwenyekiti, hivi sisi ni nani aliyetuambia ni daktari?"

Kaka, barua yako haikunitaja popote. Uliandika mliniita, kana kwamba jina lilidondoka kutoka juu. Niliisoma tena kwa macho kuhakikisha. Ulikuwa umenijengea ukuta, na nikisema "alijiita mwenyewe" hakuna ambaye angebisha, hata wewe usingebisha. Karatasi nilikuwa bado nimeishika mbele ya uso wangu, na ilikuwa kubwa ya kutosha.

Nikaishusha ili wanione. Nikasema, "Mimi."

Mdogo wako.